Mkunga Naye Huzaa

Mwezi wa Februari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa tuzo na Taasisi ya Gates kwa ajili ya kazi iliyofanyika nchini ya kupunguza vifo vya akina mama na watoto. Hesabu yenyewe ni ya kujivunia. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 556 walipoteza maisha kwa sababu za uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 104. Sisi tuliifurahia habari hiyo pamoja na wananchi wote, na furaha yetu hatuirudishi nyuma.

Lakini leo twapenda kuuliza swali ambalo katika shangwe zile halikuulizwa sana. Vifo hivyo vilipunguzwa na nani? Yako majengo, ziko dawa, yako magari ya kubeba wagonjwa. Vyote hivyo vimefanya kazi yake wala hatuvidharau. Hata hivyo gari halijui kupima shinikizo la damu la mjamzito, na jengo halimpokei mtoto anayetanguliza miguu. Aliyefanya kazi hiyo, mchana na usiku, ni muuguzi mkunga. Na muuguzi mkunga katika nchi yetu aghalabu ni mwanamke. Mwanamke huyo naye ni mzazi, au atakuwa mzazi. Jambo hili kila mtu analijua, lakini ni wachache waliolitia katika mipango. Ndilo tunalotaka kulisema leo.

Wasomaji wetu wa Dodoma na Singida hawana haja ya kuelezwa jinsi nchi yao ilivyo. Vijiji vimetawanyika, na kati ya kimoja na kingine ni mwendo mrefu wa mbuga na vichaka. Wakati wa kiangazi ni vumbi na shida ya maji. Mvua zinyeshapo, kuanzia Desemba hata Machi au Aprili, makorongo yaliyokuwa mchanga mtupu hujaa ghafula, na barabara iliyopitika asubuhi haipitiki tena jioni. Katika nchi ya namna hiyo, mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hana pa kukimbilia ila zahanati ya kijijini kwake, kama ipo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2007, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi uliokusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, zahanati nyingi zimejengwa, na nyingi kati yake kwa nguvu za wananchi wenyewe waliobeba mawe na kufyatua matofali. Ni kweli pia kwamba mwezi wa Aprili 2022 ulizinduliwa hapa Dodoma mfumo wa m-mama, ambao kwa njia ya simu huwezesha gari kupatikana la kumpeleka mama mwenye hatari hospitalini. Lakini kabla ya simu kupigwa, hapana budi awepo mtu wa kutambua kwamba hatari ipo. Mtu huyo ni yule yule muuguzi.

Sasa na tuitazame sheria, maana hatutaki kuambiwa kwamba twalaumu bila ya kusoma.

Sheria za nchi hii juu ya mwanamke mfanyakazi si mbaya. Katiba yatamka kwamba kila mtu, bila ya ubaguzi, astahili ujira unaolingana na kazi yake. Na katika utumishi wa umma muuguzi mwanamke na muuguzi mwanamume wa cheo kimoja hulipwa mshahara mmoja. Mwaka 1975 sheria ya ajira ilirekebishwa ili mwanamke mfanyakazi, awe ameolewa au hakuolewa, apate likizo ya uzazi yenye malipo. Hilo halikuwa jambo dogo kwa wakati ule, kwa kuwa wako walioona kwamba asiyeolewa hastahili. Kisha ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo yampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja. Yamruhusu kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi, jumla ya saa mbili kwa siku. Yakataza asifanyishwe kazi ya usiku, yaani baina ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kwa miezi miwili kabla ya siku anayotazamiwa kujifungua na miezi miwili baada ya kujifungua. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa tena, na mama aliyejifungua mtoto njiti akafikiriwa kwa kuongezewa muda. Yote haya ni mema.

Kwa hiyo mtu aweza kuuliza: kama mshahara ni mmoja na sheria ni nzuri, basi huko kutokuwa sawa mnakokusema kuko wapi?

Kuko katika ikama. Ikama ni ile hesabu ya watumishi wanaotakiwa katika kila kituo cha kazi, na hesabu hiyo humhesabu muuguzi kama mtu asiyezaa. Huandikwa: zahanati fulani, muuguzi mmoja au wawili. Hesabu yakomea hapo. Haisemi nani atakaa mahali pake atakapokuwa likizoni kwa siku 84, wala nani atashika zamu yake ya usiku kwa miezi miwili kabla ya hapo, wala nani atapokea wagonjwa katika zile saa mbili za kunyonyesha. Tena mara nyingi hata huyo mmoja aliyeandikwa hajapatikana, kwa kuwa upungufu wa watumishi wa afya ni jambo ambalo Serikali yenyewe imelikiri Bungeni mara nyingi. Basi haki zote alizopewa muuguzi na sheria zategemea mtu wa pili, na mtu huyo wa pili hayupo.

Na tuchukue mfano wa zahanati moja. Si ya kijiji fulani, bali yafanana na nyingi. Ina tabibu mmoja, muuguzi mkunga mmoja na mhudumu wa afya mmoja. Muuguzi apata mimba. Miezi saba ya kwanza aendelea na kazi kama kawaida: asubuhi kliniki ya wajawazito na ya watoto, mchana chanjo na dawa, usiku kuitwa. Ufikapo mwezi wa nane sheria yasema asifanye kazi ya usiku. Lakini mwanamke mwenye uchungu aletwapo saa nane usiku kwa pikipiki, mlango unaogongwa si wa ofisi bali ni wa nyumba ya muuguzi. Je, atachungulia dirishani na kumwambia mume wa mwanamke yule kwamba sheria ya mwaka 2004 yamkataza kutoka? Atajifunga khanga yake, atachukua taa, atatoka. Atamzalisha mwenzake hali yeye mwenyewe mgongo wauma na miguu imevimba. Na asubuhi benchi la kliniki litakuwa limejaa tangu saa moja.

Kisha atajifungua, naye atakwenda likizo. Hapo zahanati hubaki bila ya mkunga. Aghalabu huazimwa muuguzi wa zahanati ya jirani, aje siku moja au mbili katika juma kwa ajili ya kliniki. Maana yake zahanati mbili zapata nusu muuguzi kila moja. Mama anayejifungua siku isiyo ya kliniki hana bahati. Wanakijiji watasema, nasi twawasikia wakisema katika sehemu nyingi, "muuguzi wetu kazi yake kuzaa tu." Lawama yote yamwangukia mwanamke yule, ilhali aliyekosa kuweka mtu mahali pake si yeye.

Hatimaye siku za likizo zakwisha naye arudi. Hapa twaomba msomaji ahesabu pamoja nasi. Sheria yamruhusu aanze likizo yake wiki nne kabla ya siku ya kujifungua. Akifanya hivyo, katika siku zile 84 zabaki wiki nane tu baada ya kujifungua, ambazo ni sawasawa na ile miezi miwili aliyokatazwa kufanya kazi ya usiku. Akianza likizo siku ile ile ya kujifungua, miezi hiyo miwili yakwisha naye angali nyumbani. Kwa hiyo kwa vyovyote vile, siku anapokanyaga tena kizingiti cha zahanati, kinga yake ya usiku imekwisha au imebakiza siku chache mno. Akitaka iendelee, itampasa alete cheti cha daktari kwamba yeye hajawa na afya ya kutosha, au kwamba afya ya mtoto haimruhusu. Mtoto akiwa mzima, na ashukuriwe Mungu kwa uzima huo, mama arudi kwenye usiku.

Sasa tazameni ajabu iliyopo. Asubuhi ya kliniki, muuguzi huyu asimama mbele ya akina mama na kuwafundisha yale anayofundisha Shirika la Afya Duniani: mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, asipewe uji wala maji. Hufundisha vizuri, kwa kuwa ndiyo elimu yake. Lakini mtoto wake mwenyewe, mwenye miezi miwili au mitatu, yuko nyumbani na msichana wa kazi, au na mdogo wake muuguzi aliyeacha shule ili aje kumsaidia dada yake. Na msichana huyo, mtoto aliapo, humkorogea uji. Mama wa kijiji ana macho. Aona. Wala hatuwezi kumlaumu akienda nyumbani na kufuata alichokiona badala ya alichokisikia. Hata muuguzi akiunganisha likizo ya uzazi na likizo yake ya mwaka ya siku 28, jumla ni siku 112, ambazo hazifiki miezi minne.

Na zile saa mbili za kunyonyesha? Katika hospitali kubwa zenye wauguzi wengi kwa zamu moja, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa mjini au Hospitali ya Benjamin Mkapa, wenzake waweza kushikilia wodi. Huko zahanati hazipo. Ziko katika kitabu cha sheria tu.

Tumelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu mara nyingi isemwapo kwamba wanawake katika kazi ya afya hawatendewi sawa, watu hudhani kuwa pana bwana mmoja mwovu aliyekaa ofisini akiwaonea. Mabwana wa namna hiyo wapo, wala hatuwatetei. Lakini sehemu kubwa ya jambo hili haikufanywa na mtu mwovu. Ilifanywa na hesabu. Na hesabu hiyo ina asili yake.

Kazi ya uuguzi katika nyanda hizi za kati ililetwa kwa sehemu kubwa na wamisionari. Mvumi palikuwa na hospitali ya Waanglikana wa CMS, ambayo kwa miaka mingi ilitumikiwa na wanawake wauguzi kutoka Australia, wengi wao wasioolewa. Kule Singida, hospitali ya Makiungu iliendeshwa tangu miaka ya 1950 na masista wa Kikatoliki wa shirika la Medical Missionaries of Mary, ambao hawaolewi. Wanawake hao walifanya kazi kubwa katika mazingira magumu, na wazee wa sehemu hizo wangali wakiwakumbuka kwa heshima. Lakini walikuwa watu wasio na mume wala mtoto wa kurudia jioni. Nyumba yao ilikuwa hospitali. Hata leo mgonjwa wodini humwita muuguzi "sista", hata kama muuguzi huyo ana watoto wanne. Jina limebaki, na pamoja na jina kumebaki tarajio lile lile: kwamba muuguzi yupo wakati wote, hana udhuru, hana nyumba. Tulipochukua hospitali na zahanati tulichukua pia mfano wa mtumishi wake, bila ya kukaa chini na kusema: huyu wetu ana familia.

Si kwamba chama na Serikali ya nchi hii hawakujua uzito wa kazi ya mwanamke. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri wazi kwamba mwanamke wa kijijini hufanya kazi saa nyingi kuliko mwenziwe mwanamume. Na Bibi Lucy Lameck, mwanamke wa kwanza kupewa wadhifa wa naibu waziri katika nchi yetu, alikuwa amesomea uuguzi kabla ya kuingia katika siasa. Ujuzi ulikuwapo. Kilichokosekana ni kuutia ujuzi huo katika karatasi ya ikama.

Matokeo ya hesabu hii mbovu hayaishii kwenye zamu. Yamfuata mwanamke katika kazi yake yote. Mafunzo ya wiki mbili hutangazwa akiwa na mtoto mchanga. Aenda mwenziwe mwanamume. Nafasi ya kusoma shahada hutokea, tuseme katika Chuo Kikuu cha Dodoma, naye hana wa kumwachia watoto kwa sababu mume wake ni mwalimu katika mkoa mwingine na maombi yao ya kuhamia pamoja hayajajibiwa. Miaka kumi ikipita, yule mwenziwe ana vyeti vitatu na yeye ana kimoja; na nafasi ya kuongoza kituo itokeapo, hugawiwa kwa vyeti. Hapana aliyembagua. Kila hatua peke yake yaonekana ni ya haki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba wanawake ni kama asilimia 70 ya watumishi wa afya na ustawi wa jamii ulimwenguni, lakini katika nafasi za uongozi ni kama asilimia 25 tu. Na mwaka 2022 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalieleza kwamba mapato ya wanawake katika kazi hiyo ni pungufu kwa karibu asilimia 24 kuliko ya wanaume. Sisi hapa mshahara wa cheo kimoja ni mmoja, lakini vyeo havipandwi kwa mwendo mmoja.

Lipo pia jambo la nyumba na usalama, ambalo twalitaja kwa ufupi kwa kuwa halina ubishi. Muuguzi anayeitwa usiku hutembea gizani, mara nyingi peke yake, kwenda kufungua mlango kwa watu asiowajua. Zahanati isiyo na nyumba ya mtumishi karibu, isiyo na mlinzi, isiyo na taa nje na isiyo na maji, si mahali pa kumpeleka binti wa mtu aliyemaliza chuo juzi. Wanaopanga vituo wajiulize kama wangewapeleka mabinti zao.

Tumekwisha kusikia majibu yanayotolewa kila jambo hili litajwapo, nasi twapenda kuyajibu.

La kwanza ni kwamba kazi ya uuguzi ni wito. Ndiyo, ni wito. Ualimu pia ni wito, na hata upadri ni wito, lakini hatujaona padri akiambiwa aongoze misa mbili kwa saa moja katika makanisa mawili. Neno hili la wito limetumika mno kumnyamazisha mtu anayedai haki aliyokwisha kupewa na Bunge.

La pili ni kwamba wapelekwe wauguzi wanaume vijijini, maana wao hawazai. Hatuna neno juu ya wauguzi wanaume. Wako wengi wazuri, na akina mama wengi wamezalishwa nao salama. Lakini anayetoa jibu hili amesema bila kujua jambo lenyewe tunalolalamikia: kwamba mtumishi anayefaa ni yule asiyekuwa mzazi. Na mwanamume naye ni mzazi! Sheria yampa siku tatu za likizo mkewe anapojifungua, tena zichukuliwe katika siku saba za kwanza. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, humpa baba wiki mbili. Baba angekaa nyumbani zaidi, mzigo wa mama ungepungua, na wakubwa wa kazi wangezoea kwamba mtumishi yeyote, wa kike au wa kiume, aweza kuondoka kwa ajili ya mtoto.

La tatu, na ndilo zito, ni fedha. Kila halmashauri itasema haina fedha za kuweka muuguzi wa pili. Twakubali kwamba fedha hazitoshi. Hata hivyo hatuombi muuguzi wa pili wa kudumu katika kila zahanati kesho asubuhi, ijapokuwa huko ndiko tunakotaka kufika. Twaomba muuguzi wa kushika nafasi kwa muda, wa mkataba wa miezi minne au mitano, kila mara muuguzi wa kituo kidogo anapokuwa mjamzito. Mimba si ajali. Haiji kwa ghafula kama mafuriko ya korongo. Yajulikana miezi sita kabla, na aijuaye kwanza ni mtu wa afya mwenyewe. Wauguzi waliohitimu vyuo na wasiopata ajira wapo, na vilio vyao vimefika Bungeni. Halmashauri hivi leo huajiri watumishi wa afya wa mkataba kwa mapato yake ya ndani zinapoona inafaa. Kinachotakiwa ni kutenga fungu hilo mapema, kwa jina lake, badala ya kungoja zahanati ifungwe ndipo barua ziandikwe.

Tena fedha zisizotolewa na halmashauri hutolewa na mtu mwingine. Mama aliyefika zahanati akakuta mlango umefungwa, akapanda pikipiki kilomita nyingi kwenda kituo cha afya, amelipa. Na wako waliolipa kwa maisha yao. Wale 104 wamebaki katika hesabu tuliyoanza nayo, na kila mmoja wao ni zaidi ya tarakimu.

Twapenda pia kugusa juhudi mpya. Tarehe 31 Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwafundisha wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na mtaa, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Kwa miaka mingi kazi hiyo ya kupita nyumba kwa nyumba, na hasa kuwauguza wagonjwa wa UKIMWI majumbani, ilifanywa na wanawake kwa kujitolea, kwa ahsante na khanga. Kwamba sasa itapangwa, na kwamba wanaume nao wataifanya, ni jambo tunalolipongeza. Lakini twatahadharisha: mhudumu huyo asije akafanywa kiraka cha kuzibia nafasi ya mkunga. Hakusomea ukunga, na mama mwenye kifafa cha mimba hatatofautisha nia njema na ujuzi.

Basi twataka nini? Twataka ikama mpya iandikwe kwa kukiri kwamba watumishi wengi wa zahanati ni wanawake na kwamba wanawake huzaa. Twataka saa mbili za kunyonyesha ziandikwe katika karatasi ya zamu, saa fulani hadi saa fulani, na aliyeshika nafasi aandikwe kando yake, ili asiyepewa aweze kuonyesha kwa kidole. Twataka Bunge litazame tena ile kinga ya usiku, ihesabiwe tangu siku mama anaporudi kazini badala ya siku ya kujifungua. Hilo halihitaji hata shilingi moja ya jengo. Na siku 84 zenyewe zitazamwe. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 juu ya uzazi wataka zisipungue wiki 14, nazo ni siku 98. Sisi tungali kwenye wiki 12, katika nchi inayofundisha miezi sita. Chama cha wafanyakazi, TUGHE, ambacho kina wanachama wengi wa kada hii, kisingoje Mei Mosi ndipo kilikumbuke.

Bunge lililotunga sheria ya mwaka 2004 lilikaa hapa hapa Dodoma, na linakaa hapa hata leo. Waheshimiwa wabunge hawana haja ya kupanda ndege kwenda kuona tunayoyasema. Wachukue gari siku ya mapumziko, waende Bahi, au Chamwino, au waende Mpwapwa na kuacha barabara kuu, wasitoe taarifa kwa mtu, na wafike zahanati yoyote saa nne ya usiku.

Na mabaraza ya madiwani ya halmashauri nane za Mkoa wa Dodoma, pamoja na yale ya Singida, hukaa kila mwaka kupitisha makisio kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Yatakapokaa, diwani mmoja katika kila baraza na asimame aulize maswali mawili. Katika mwaka uliopita, wauguzi wangapi wa halmashauri hii walikwenda likizo ya uzazi? Na katika siku zao 84, nani alikaa mahali pao? Jibu la swali la kwanza limo katika majalada ya katibu wa afya. La pili tungependa lijibiwe kwa majina na tarehe, zahanati kwa zahanati.